Wapeni watoto mwalimu anayebaki

Nimefundisha Shule ya Jumapili katika sharika mbili za Kilutheri hapa Dar es Salaam, moja Tabata na nyingine Kimara. Mzee wa kanisa akiniuliza aanzie wapi ili watoto wa usharika wake wakue kiroho, simwelekezi kwenye vitabu wala vifaa. Nami namuuliza: walimu wenu wa watoto wanakaa muda gani kabla ya kuondoka?

Huduma nyingi zinavujia hapo. Kijana akionekana ana kipawa cha kuongea na watoto, kwaya inamtaka, kamati ya vijana inamtaka, na mwaka unaofuata hayupo tena darasani. Nafasi yake anapewa yeyote asiye na kazi Jumapili hiyo, na darasa linageuka mahali pa kuwashikilia watoto wasipige kelele mpaka mahubiri yaishe. Mtoto anajua nyimbo za kucheza na mikono, anajua Daudi alimpiga Goliathi, lakini kanisa zima hana mtu mzima wa kumwambia kwamba baba na mama wanagombana usiku na yeye akiomba anasikia hofu.

Katika Biblia, mtoto Samweli aliitwa usiku mara tatu akadhani ni kuhani Eli. Ilimpasa yule mzee, macho yake yamekwisha kuanza kupofuka, amweleze kijana kuwa anayemwita ni BWANA. Tazama mtoto alimkimbilia nani usiku ule: mtu aliyemzoea. Paulo naye akitaja imani ya Timotheo anataja watu kwa majina, bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu. Mwalimu akubaliane na Baraza la Wazee kukaa na watoto walewale miaka mitatu, akipanda nao darasa. Mpeni watoto wachache kiasi cha kuwajua. Awe na daftari, na lisiwe la mahudhurio peke yake: jina la mtoto, mtaa anaoishi, anayemleta kanisani, jambo aliloomba aombewe. Daftari hilo abaki nalo mwenyewe, lisizagae vestri, chumba cha maandalizi ya ibada.

Kisha aende nyumbani kwao. Mimi huenda Jumamosi alasiri, kwa sababu siku za kazi mzazi wa Kimara au Mbezi anatoka saa kumi na moja alfajiri na foleni inamrudisha mtoto ameshalala. Anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi. Makanisa yetu yanamsahau kabisa dada huyu, na inaniuma, kwa kuwa mara nyingi na yeye ni binti mdogo aliyetoka kijijini anayehitaji kuombewa. Huwa nazungumza naye, namfundisha sala ileile niliyowafundisha watoto, namkaribisha ibadani. Nimeona nyumba ambamo maombi ya jioni yalianzishwa na dada, wazazi wakafuata.

Wazazi wenyewe nisiwabebeshe mzigo wasiouweza. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema tuyanene maneno ya Mungu "utembeapo njiani", na mzazi wa Dar yuko njiani kweli. Siku ya kwenda pamoja na mtoto, kwenye daladala au mwendokasi, amuulize swali moja: leo nikuombee nini? Asikilize jibu, asihubiri.

Maswali ya watoto tusiyakimbie. Mtoto aliniuliza kwa nini Mungu hakumponya bibi yake wakati darasa zima tulimwombea. Tulifungua Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi", tukakaa hapo. Wiki iliyofuata aliomba mwenyewe, kwa maneno yake, akimwambia Mungu kuwa amemkasirikia. Hayo yalikuwa maombi ya kweli kuliko mistari yote aliyokuwa amekariri.

Sasa fedha. Mwishoni mwa Septemba, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, wadogo hawa wanaongoza ibada, wanatoa ngonjera, washarika wanafurahi hadi machozi. Jumapili inayofuata wamerudi chini ya mwembe, karibu na jenereta. Sensa ya 2022 ilionyesha zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15. Soma bajeti ya usharika wako uone wamo kwa kiasi gani. Kiwepo kifungu cha Biblia za watoto, semina za walimu, mahali penye kivuli mbali na spika, na nauli. Nauli naisisitiza. Walimu wengi ni wanafunzi wa chuo au mabinti wasio na ajira, na nimeona wenye wito wa kweli wakiacha kwa kukosa pesa ya daladala ya kwenda na kurudi.

Usalama nao hauna mjadala. Watu wazima wawili kila darasa, mtoto asibaki faragha na mmoja. Likitokea jambo la ukatili, lisimalizwe kwenye kikao cha wazee: kuna namba 116 isiyo na malipo, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Na mwalimu akilazimika kuhama, kwa ndoa au kazi, asipotee kimya kimya. Afundishe pamoja na mrithi wake miezi mitatu, waende wote kwenye nyumba za watoto, kisha awaage mwenyewe darasani na kuwaeleza anakokwenda. Yale waliyomwambia kwa siri, awaulize kwanza kama mwalimu mpya anaweza kuyajua.