Jibu: Gazeti la kila siku kwa Kiayalandi

Ndugu, umeuliza kama Ayalandi bado ina gazeti la kila siku linalochapishwa kwa Kiayalandi. Kwa sasa halipo. Lilikuwapo Lá, yaani "Siku", lililoanzishwa Belfast mwaka 1984 na kufungwa mwaka 2008 baada ya kukatiwa ruzuku, na inaniuma kwamba lugha ambayo katiba ya nchi hiyo imeitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza haina gazeti la kushikwa mkononi kila asubuhi. Magazeti ya kitaifa, kama The Irish Times la tangu 1859, ni ya Kiingereza, ingawa hilo huchapisha pia makala za Kiayalandi. Kwa habari za kila siku, soma Tuairisc, tovuti iliyoanza mwaka 2014.