Je, Boran Asiye na Pembe ni Boran Halisi?

SWALI: Mhariri, nimenunua fahali wa Boran mwenye umri wa miaka mitatu, rangi yake nyekundu iliyokoza, na hana pembe. Jirani yangu, mzee aliyefuga tangu ujana wake, anasisitiza kwamba Boran halisi ni mweupe mwenye pembe, kwa hiyo nimeuziwa chotara. Je, ni kweli?
Mfugaji, Laikipia

JIBU: Ndugu mfugaji, kwa rangi na pembe peke yake mzee hawezi kumhukumu fahali wako. Weupe ni wengi, hasa katika makundi ya Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao ng'ombe hawa wana jina lao. Lakini wekundu, wa kahawia, weusi na wenye mabaka wanakubalika pia, na wapo wanaozaliwa bila pembe pasipo damu ya kigeni.

Kabla ya manyoya, tazama ngozi. Kope na pua ziwe nyeusi, kwa kuwa weusi huo ndio unaomkinga na jua kali, na manyoya yawe mafupi, laini, yaliyolala. Weka kiganja ubavuni usukume kidogo: ngozi ya Boran mzuri husogea kama kanzu pana, na nzi akitua huitikisa pale pale alipotua. Nundu ikae imara juu ya mabega bila kulalia upande.

Wanunuzi wengi hukosea kwa kutoinama. Mfuko wa ngozi unaofunika uume ukining'inia sana, huchanwa na miiba, hupata vidonda, na fahali hushindwa kupanda majike. Mimi ningemkataa fahali wa namna hiyo hata angekuwa mweupe kama maziwa. Kagua pia korodani, ziwe mbili zinazolingana, kisha umtembeze uone miguu ya nyuma.

Hata hivyo, macho hayathibitishi nasaba. Chama cha wafugaji wa Boran nchini Kenya kipo tangu mwaka 1951, na ng'ombe wa ukoo unaojulikana huandikishwa katika Kenya Stud Book, yaani daftari la nasaba za mifugo. Mwombe aliyekuuzia cheti, kisha ulinganishe namba iliyoandikwa na ile iliyo kwenye mwili wa fahali. Asipokuwa nacho, fahali mwenye umbo hilo bado atakufaa zizini, ila usiwauze ndama wake kwa bei ya walioandikishwa.