Muulize Nesi: Manuka ya kooni na Manuka ya kidondani

Barua za asali ya Manuka zimenijazia meza, kwa hiyo safari hii nazijibu hizo tu. Wa presha na yule wa miguu kuwaka moto, nivumilieni hadi toleo lijalo. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia chumba cha kufungia vidonda. Asali nimeizoea zaidi ikiwa juu ya shashi kuliko ndani ya kikombe.

SWALI: Shikamoo mama. Shemeji yangu alitoka safari akaniletea chupa ya asali ya Manuka. Imeandikwa UMF 15+, na pembeni MGO 514. Kanionya nisiichezee, ati ni dawa, kijiko kimoja kila asubuhi kinazuia mafua. Wanangu wa miaka minne na saba wanakohoa usiku, mchana wazima wanacheza. Hizi namba maana yake nini? Na niwape hiyo, au ile asali ya kawaida niliyonayo kabatini?
*Mama wa Wawili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wape ile ya kabatini.

Manuka ni mti mfupi, mara nyingi kichaka tu, unaoota New Zealand na kusini mashariki mwa Australia. Utasikia wauzaji wakisema asali yake ni tiba ya kale ya Wamaori. Wamaori walitumia majani na magome ya mti huo, hilo ni kweli. Lakini nyuki wa asali hawakuwapo kwao. Walifika New Zealand mwaka 1839 na Mwingereza mmoja, Mary Bumby, aliyesafiri nao melini. Kwa hiyo sifa ya mti isihamishiwe chupa kirahisi hivyo.

Sifa ya asali yenyewe ilianza miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Waikato, kwa mtafiti Peter Molan. Karibu asali zote huua bakteria. Zina sukari nyingi na maji kidogo, zina uchachu, na zikichanganyika na majimaji hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ile tuliyokuwa tukisafishia vidonda zamani. Molan aliiondoa hiyo peroksaidi kwenye Manuka, akakuta bado inaua. Mwaka 2008 timu ya Thomas Henle, huko Dresden, Ujerumani, ikachapisha jibu: ni kemikali iitwayo methiliglaioksali, ambayo kwenye lebo hufupishwa MGO. Inatokana na kitu kilichomo kwenye utamu wa ua la Manuka, kikigeuka polepole asali inapokaa.

Kwa hiyo 514 ni miligramu za kemikali hiyo katika kila kilo ya asali, na UMF 15+ ni kipimo kingine cha nguvu hiyo hiyo, cha chama cha wazalishaji wa New Zealand. UMF 5+ ni kama MGO 83, UMF 10+ ni kama 263. Unaona namba za UMF hazipandi sawasawa na dawa iliyomo: kutoka 5 hadi 15 kemikali imeongezeka mara sita, si mara tatu.

Sasa rudi kwa wanao. Kikohozi cha mafua kwa kawaida ni kazi ya virusi, na MGO inasifiwa kwa kuua bakteria. Kinachomtuliza mtoto usiku ni uzito na utamu wa asali: inatandika koo, inaleta mate, mwasho unapungua. Utamu huo umo katika kila asali. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, watoto waliokuwa wakikohoa walipewa asali kabla ya kulala, na wazazi wakaipa alama nzuri kuliko kutopewa chochote. Asali yenyewe ilikuwa nyeusi ya kawaida, si Manuka. Vipimo vyao ndivyo ninavyowapa watu: nusu kijiko cha chai kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano, kijiko kimoja kizima kwa wa sita hadi kumi na mmoja, nusu saa kabla ya kulala. Mswaki upigwe baadaye, hata kama watanuna.

Kijiko cha asubuhi cha kuzuia mafua hakina ushahidi. Kila kijiko kikubwa kina gramu kama 17 za sukari, na sukari hiyo ipo hata kama lebo imeandikwa kwa dhahabu.

Mtoto akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akikataa kunywa, au kikohozi kikipita wiki tatu, weka asali chini umpeleke akaonwe. Na shemeji mshukuru. Zawadi ni zawadi.

SWALI: Habari za kazi, nesi. Baba yetu ana kisukari, na ana kidonda chini ya unyayo. Kaka yangu alisoma kwamba Manuka inaponya vidonda, sasa anammwagia kutoka kwenye chupa kila jioni na kufunga kwa kitambaa safi. Kidonda kimezidi kutoa maji, na baba anasema kinachoma. Kaka anasema huo ni uchafu unatoka, tuendelee. Mimi roho haijatulia.
*Binti Mkubwa*

JIBU: Roho yako iko sahihi, dada. Baba apelekwe kliniki kesho asubuhi. Ikiwa kidonda kinanuka, kimeanza kuwa cheusi, wekundu unapanda mguuni au ana homa, basi ni leo hii. Asiposikia maumivu makali usifarijike, maana kisukari huua hisia za miguu na mtu hukanyagia kidonda bila kujua.

Kaka yako nisimlaumu kupita kiasi. Asali ya Manuka kweli imo kwenye tiba ya vidonda, na mimi mwenyewe nimeifunga kwenye miguu ya watu. Marekani iliruhusu bandeji zake mwaka 2007. Ila ile tuliyokuwa tukitumia hospitali haikutoka kwenye chupa ya mezani. Ni asali iliyopigwa mionzi ya gama ili vijidudu vyote vife pamoja na mbegu zake, ikawekwa kwenye tyubu au kupakwa kwenye bandeji maalumu. Ya chupa ina vijidudu vya shambani, na inaruhusiwa kuwa navyo, kwa sababu ilitengenezwa iliwe.

Hayo maji mnayoyaona nikueleze. Sukari ya asali huvuta majimaji kutoka kwenye nyama, kwa hiyo siku za kwanza bandeji hulowa chapa. Wakati huo huo joto la mwili linaiyeyusha, inakuwa nyepesi kama chai, inatiririka pembeni. Ukifungua utakuta ngozi nzima inayozunguka kidonda imekuwa nyeupe na kujikunja, mfano wa vidole vilivyokaa majini muda mrefu. Ngozi ile ikilainika hivyo inachanika, na kidonda kinapanuka kutokea ukingoni. Ndiyo maana hospitali tulikuwa tukikinga ukingo kwa mafuta au krimu maalumu, tunaweka asali katikati tu, juu yake shashi nene ya kunyonya, na tunabadilisha kila inapolowa, si kila jioni kwa saa. Kitambaa, hata kiwe safi namna gani, hakinyonyi vya kutosha.

Kuchoma kunatokana na uchachu wa asali. Wengine huzoea, wengine nimewaona wakishika ukingo wa kitanda hadi tuioshe. Anayelalamika inachoma sana, ioshwe.

Na kuhusu kuponya, inategemea kidonda chenyewe. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2015 yalikuta vidonda vya moto visivyo vya kina hupona siku nne au tano mapema kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Hiyo ni faida ya kweli, siwezi kuidharau. Lakini New Zealand kwenyewe, nyumbani kwa Manuka, jaribio la mwaka 2008 la watu 368 wenye vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, halikukuta tofauti ya maana ya kupona, na waliopewa asali ndio waliolalamika maumivu zaidi.

Unyayo wa mwenye kisukari una mambo yake ya kwanza: uzito uondolewe juu ya kidonda, damu ipimwe kama inafika mguuni, nyama iliyokufa ikatwe na mwenye ujuzi, sukari ishushwe. Hayo yote asali haiyafanyi. Usiku huu oshea kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji yaliyochemshwa yakapoa, yamwagike taratibu, usikwangue, kisha funika kwa shashi kavu. Baba asikanyagie mguu huo. Kaka aende naye kliniki, aulize mwenyewe kama kuna bandeji ya asali inayofaa. Huenda akajibiwa ndiyo.

SWALI: Nesi, mama mkwe anataka kumpaka mwanangu wa miezi minane Manuka kwenye fizi kwa sababu ya meno. Anasema hii haina shida kama asali nyingine, inaua vijidudu. Nisaidie bila kuvunja nyumba.
*Mkwe Mtiifu*

JIBU: Hapana, kabisa. Mtoto asionjeshwe asali yoyote kabla hajatimiza mwaka, Manuka ikiwemo. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa botulinamu. Mbegu hizo ziko kwenye usingizi, hazijali MGO, hazijali maji yanayochemka. Tumbo la mtu mzima linazipitisha tu. Kwenye utumbo mchanga zinaamka na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kukosa choo, halafu kilio kinafifia, ananyonya kwa udhaifu, shingo inalala, na mwisho kupumua kunamshinda. Kama alishapakwa na unaona mojawapo ya hayo, usisubiri.

Fizi zipewe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, atafune. Mama mkwe mwambie nesi wa gazetini amekataza, na lawama zote nibebeshe mimi. Nimezizoea.

SWALI: Mimi nina vidonda vya tumbo, nilipimwa nikakutwa na bakteria wa H. pylori. Nilipewa vidonge vya siku kumi na nne, vikawa vinanichafua mdomo na kichefuchefu juu. Siku ya sita nikaviacha, nikahamia Manuka UMF 20+, vijiko viwili asubuhi na viwili usiku. Kiungulia kimepungua. Niendelee?
*Tumbo Limetulia*

JIBU: Kaka, kutulia kwa tumbo hakujaniambia bakteria wamekwenda wapi. Kwenye maabara Manuka inawaua, hapo ndipo habari zilipoanzia. Lakini kwenye kisahani cha maabara asali inakaa juu yao bila kuchujuka. Tumboni inakutana na tindikali na maji, inasukumwa mbele, nao wamejichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Jaribio dogo la kuwapa wagonjwa Manuka kwa kijiko halikuwaondoa bakteria hao.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni hizo siku sita. Antibiotiki zikiachwa katikati, bakteria waliobaki ni wale wagumu, na mara ya pili vidonge vile vile vinaweza kushindwa. Rudi kwa daktari, mwambie ukweli wote, uliacha siku gani na kwa nini. Ladha mbaya mdomoni inajulikana sana kwa dawa hizo, na zipo namna za kubadilisha mchanganyiko. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, hiyo si ya kusubiri miadi.

Asali kidogo ukiipenda, hukatazwi. Vijiko vinne kwa siku ni vingi, na mwenye dalili za kisukari asithubutu.

SWALI: Manuka yangu haitiririki, imekaa kama jeli, na pembeni imeanza chembechembe za sukari. Jirani kasema ni feki, nijaribu kuidondosha kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti. Tena mwingine kasema nikiitia kwenye maji ya moto inakuwa sumu.
*Nimetapeliwa?*

JIBU: Kiberiti kiache jikoni. Manuka halisi ndiyo ilivyo, nzito kama jeli, hadi wafugaji nyuki hupata tabu kuitoa kwenye masega kwa mashine ya kuzungusha. Ukiikoroga inalainika, ukiiacha inashikana tena. Chembechembe nazo ni sukari inayoganda, kitu cha kawaida kwa asali nyingi nzuri. Maji na moto havitofautishi Manuka na asali nyingine, wala asali na sharubati iliyopikwa kwa ustadi.

Feki zipo, na si chache. Tangu 2018 serikali ya New Zealand inataka asali yoyote inayouzwa nje ya nchi kwa jina la Manuka ipimwe maabara: kemikali nne zinazoitambulisha na vinasaba vya mti wenyewe. Kwa hiyo tazama ilikofungashiwa, tazama namba ya MGO au UMF, na jihadhari na chupa iliyoandikwa neno kama "active" na namba isiyosema inapima nini. Ya Australia ipo pia na ni halali, ila sheria hiyo ya New Zealand haiihusu.

Maji ya moto hayaifanyi sumu. Yanaua vimeng'enya vinavyotengeneza peroksaidi, MGO inavumilia zaidi. Kwa koo linalowasha hata hilo halina uzito: acha maji yapoe hadi unywe bila kupuliza, tia kijiko, koroga. Ile iliyoganda, kalisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda, kifuniko kikiwa kimefungwa.