Shanga za karatasi zinalainika kwa jasho

Pole dada. Umesema shanga zako za karatasi zinalainika shingoni, na uzi wa cherehani unakatika kabla mteja hajafika kwake. Nakushauri uanze na vanishi, maana gundi nyeupe peke yake haizuii maji. Ukishaviringisha vipande vya pembetatu kwenye kijiti (anzia upande mpana), acha gundi ikauke kabisa, kisha paka vanishi mara mbili au tatu, na kila mpako ukauke kwanza. Wanaoharakisha hapa ndio wanaouza shanga zinazonata! Fanya kazi hiyo ukiwa nje ya nyumba, harufu ya vanishi ni kali.

Uzi wa cherehani achana nao. Nunua mshipi wa kuvulia samaki, wa milimita 0.4 hivi. Unateleza, kwa hiyo piga mafundo mawili na utie tone la gundi kali. Mkufu wa sentimita 70 unapita kichwani, huhitaji hata kifungio.

Ukiweka kifungio cha bei rahisi, mteja akiwashwa ngozi huenda ni nikeli, madini yaliyomo kwenye kifungio. Mbadilishie, na upele usipoisha aende hospitali. Watoto wadogo usiwauzie, wanameza shanga.