Martin ya 1965 yenye nyuzi za juu: nikaze chuma cha shingo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeonyeshwa gitaa la Martin D-18, muuzaji anasema ni la 1965. Sauti imenivutia, ila nyuzi ziko juu mno ukishapita freti ya tano, yaani kichuma cha tano kati ya vile vilivyokingama shingoni. Anasema hilo ni dogo: nikaze chuma cha shingo au nisage kile kimfupa cha darajani kinachobeba nyuzi. Bei yake ni ya gitaa lisilo na kasoro, "kwa sababu ni la zamani". Linastahili?

JIBU: Mwambie akuonyeshe hicho chuma kinakaziwa wapi. Martin walianza kuweka chuma cha kukaza kwenye shingo mwaka 1985. Shingo ya 1965 ina chuma ndani, ndiyo, lakini kimezikwa humo moja kwa moja, hakina nati. Basi ama gitaa si la mwaka huo, ama huyo bwana hajui anachouza. Chungulia kwa tochi kupitia tundu la sauti: namba imegongwa kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo, na orodha ya namba za Martin, inayoanzia 1898, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Hata chuma cha kukaza kingekuwepo, kisingekusaidia. Chuma kile kinanyoosha shingo iliyopinda; hakirudishi shingo iliyoinama mbele pale inapoungana na mwili. Hayo ni magonjwa mawili, na kila wiki naletewa gitaa ambalo mtu ametibu moja akidhani ni lingine. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, miaka sitini. Mbao inasalimu amri. Dawa yake ni kung'oa shingo kwa mvuke, kuchonga kidogo kisigino chake, pale inapokutana na mwili, na kuigundisha upya kwa pembe sahihi.

Kupima ni rahisi. Kwanza tyuni gitaa kwa sauti yake kamili, maana wajanja huzilegeza nyuzi kidogo ili zishuke mbele ya mteja. Kisha laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, uisogeze hadi darajani. Ncha ikikaa juu ya ukingo wa daraja, salama. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya ukingo, shingo inadai kung'olewa.

Sasa hilo la kusaga kimfupa. Ili nyuzi zishuke milimita 1 kwenye freti ya 12, unasaga milimita 2. Kwenye gitaa la namna hii mara nyingi kimeshasagwa na waliotangulia, kimebaki kama ukucha. Nyuzi zinakosa mgandamizo na sauti inapooza. Hapo mwenye randa anahamia kwenye daraja lenyewe! Daraja la asili limekaa miaka yote hiyo, yeye analichonga mchana mmoja kisha anaita matengenezo.

Shingo kuhitaji kung'olewa si aibu kwa gitaa la umri huo. Wanunuzi wanaojua wanalitarajia, wanakata gharama yake kwenye bei, basi. Ufa uliozibwa vizuri vilevile. Umri peke yake haulipi chochote. Kinacholipwa ni uasili. Na kinachoua uasili kuliko ufa wowote ni vanishi mpya. Gitaa lililopakwa upya linaweza kupoteza karibu nusu ya thamani, na bado watu wanaendelea kuwapelekea magitaa ya babu zao mafundi wa makabati "yakang'arishwe". Mulika kwa pembeni: vanishi iliyojaa ndani ya mikwaruzo ya zamani, au iliyopanda kwenye kingo za daraja, ilipakwa baada ya gitaa kutoka kiwandani.

Kama vanishi ni ya asili na namba inakubali mwaka, ulizia kwanza gharama ya kung'oa shingo kwa fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, uitoe kwenye bei. Muuzaji akikataa kushuka, mwachie gitaa lake na chuma chake cha kukaza.