Kwanini waliwashona panya wawili pamoja

Mwanangu, swali lako nimelisoma, kwamba kwanini watafiti wa homoni walikuwa wanashona panya wawili ubavu kwa ubavu badala ya kuchukua tu damu ya mmoja wakamchoma mwenzake, afu ukamalizia "mama, huo si ukatili tu?"

Damu ukiichoma mara moja, homoni nyingi ini na figo zinazimaliza fasta, hujaona chochote. Walioshonwa wanapeana kidogo kidogo usiku na mchana, wiki hata miezi. Na operesheni yenyewe haigusi mishipa mikubwa ya damu, wengi hawajui hilo. Wanapasua ngozi ubavuni toka usawa wa kiwiko mpaka goti, wanafunga viungo kwa uzi ili wasivutane, ndo wanashona ngozi ya huyu na ya yule. Kidonda kinapopona vimishipa vidogo vinaota vyenyewe, na ndani ya wiki mbili hivi damu imeshachanganyika.

Lakini inapita polepole, na utamu wote uko hapo, manake homoni inayodumu kwenye damu inavuka na ile inayovunjwa haraka haivuki. Zamani walimtoa panya jike ovari, yaani vifuko vya mayai, wakamshona na jike mzima. Tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo, ya yule aliyetolewa, kwa kuwa hakuna cha kuizuia, ikamwaga gonadotropini nyingi, yaani homoni za kuamsha ovari, zikavuka, ovari za mwenzake zikavimba na kumwaga estrojeni, homoni ya kike, kibao, na bado mji wa mimba wa yule asiye na ovari ukabaki umesinyaa vilevile! Estrojeni haikufika ya kutosha. Mimi hili jaribio huwa nalipenda kuliko yote.

Jaribio maarufu zaidi ni la mtafiti Douglas Coleman wa maabara ya Jackson Laboratory kule Marekani. Alikuwa na panya wanene wa kurithi wa aina mbili, wakiitwa ob na db. Akishona db na panya wa kawaida, wa kawaida anaacha kula mpaka anakufa njaa huku db anazidi kunenepa. Akashona ob na db, ob naye akafa njaa. Akasema basi ob hana homoni ya kushibisha ila mwili wake unaisikia, db anayo tele ila haisikii. Hiyo ya ob na db aliitoa 1973, na homoni yenyewe, leptini, timu ya Jeffrey Friedman ikaja kupata jeni yake 1994.

Sasa ukatili. Ndio, upo, siwezi kukuficha. Wengine walikufa kwa sababu miili ilikataana tu, mmoja anapauka mwingine anakuwa mwekundu. Siku hizi wanatumia panya wa ukoo mmoja, jinsia moja, uzito unaokaribiana, wanakaa kwanza kwenye kizimba kimoja waonekane kama wanapigana, na dawa ya maumivu ni lazima. Kwangu mimi, kama homoni inajulikana na unaweza kuiweka kwa kijipampu chini ya ngozi, kushona hakuna sababu. Coleman hakuwa na njia hiyo, angechoma homoni gani wakati hakuna anayeijua?

Ukikutana na utafiti wa hivi, angalia kwanza jozi ngapi zilikufa na kama walishona pia wazima kwa wazima wa kulinganisha, maana bila hao huwezi kujua kilichomkondesha ni homoni au ni kidonda.