Kabla ya kuilaumu bodi, soma orodha ya proba zako

Mwaka juzi nilimshauri mteja wetu mmoja wa Gulu auze bodi zake zote za ARM (kompyuta ndogo zenye aina ya prosesa iitwayo ARM), anunue kompyuta za Intel. Bahati yangu hakuwa na pesa.

Hapa Ntinda, Kampala, tuna seva ya x86, yaani yenye prosesa za jamii ya Intel. Kule Gulu kuna Raspberry Pi 4 kadhaa, ndizo hizo bodi za ARM, zinazotumia sola, zikikusanya data za pampu za maji, na pakiti zake zilikuwa zinachelewa. Nikatumia kprobes, zana ya Linux ya kutega kichunguzi (proba) ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, ikiwa inafanya kazi. Niliitega ndani ya fanksheni ileile ya mtandao kwenye mashine zote mbili. Seva haikutikisika. Pi ililemewa mara tu nilipoiwasha proba, nami nikaamua kwamba prosesa ni dhaifu. Kumbe nilikuwa napima uzito wa proba yangu mwenyewe.

Proba ya kawaida huweka mtego mahali pa agizo la kerneli: int3 ya baiti 1 kwenye x86, brk kwenye ARM ya biti 64. Kila prosesa ikifika hapo husimamishwa, rejista zikahifadhiwa, kazi yako ikaitwa, ndipo safari iendelee. Ni kizuizi cha polisi barabarani: hata askari asipokuwa na swali, basi lazima lisimame. Mwaka 2010, katika Linux 2.6.34, kazi ya Masami Hiramatsu ilileta njia nyingine kwa x86: mtego unageuzwa kuwa mruko wa kawaida unaopitia mchepuko na kurudi. Nyaraka za Linux zinatoa mfano wa Xeon E5410 ya biti 64: maikrosekunde 0.99 kwa mtego, 0.06 kwa mchepuko. Fanksheni ikiitwa mara laki moja kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mchepuko huo haupo kila mahali. ARM ya biti 32 iliupata mwaka 2015, PowerPC mwaka 2017. Kerneli ya biti 64 kwenye Pi zetu haikuwa nao.

Niliyajua haya kwa ajali. Kadi ya kumbukumbu ya bodi moja iliharibika, na kijana wetu akairudishia mfumo wa zamani wa biti 32. Bodi ileile, proba ileile, lakini safari hii orodha ya proba, /sys/kernel/debug/kprobes/list, ilionyesha neno OPTIMIZED, yaani mtego umegeuzwa kuwa mchepuko, na ule mzigo ukapungua kabisa. Nilikaa nikiitazama skrini kama mtu aliyeibiwa simu sokoni Owino.

Kwa hiyo anza na amri ya uname -m. Je, ni aarch64 (biti 64) au armv7l (biti 32)? Kisha soma hiyo orodha, ila subiri kidogo baada ya kusajili proba, kwa sababu kerneli huiboresha baadaye, kimyakimya. Kwenye x86, proba iliyo mwanzoni mwa fanksheni inaweza kuonyesha FTRACE badala yake. Hiyo nayo ni njia nyepesi. Ukitaka kulinganisha mashine kwa haki, zima uboreshaji huo kwa kuweka mpangilio wa debug.kprobes-optimization uwe 0. Hiyo haizigusi proba za FTRACE, ndiyo maana mimi hutega katikati ya fanksheni. Na kama umeandika post_handler, kazi inayoitwa baada ya agizo kutekelezwa, sahau uboreshaji: proba yako itabaki na mtego.

Kwa wenzangu wachache mnaofikiria kuandika uboreshaji huu kwa prosesa nyingine, msinakili x86. Shida ya x86 ni mruko wa baiti 5 unaofunika maagizo kadhaa, hivyo lazima uhakikishe hakuna anayerukia katikati yake. Kwenye ARM agizo lina baiti 4 na mruko una baiti 4, kwa hiyo hilo halikusumbui. Kinachosumbua ni umbali ambao mruko unaweza kufika: MB 32 kila upande kwa biti 32, MB 128 kwa biti 64, na kwa jal, agizo la mruko la prosesa za RISC-V, ni MB 1 tu. Mchepuko usiofikika haukusaidii. Waliosafiri kwenda Gulu mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, wanajua kuzunguka kwa mbali kunagharimu nini.

Bodi za mteja bado zipo. Pakiti zilikuwa zinacheleweshwa na kebo ya antena iliyotafunwa na panya, na hilo niliona siku niliyopanda basi nikaenda kutazama.